Kulukulu wa Tunduni Haonyeshi Bawa



Tulikuwa tumeahidi kuendelea na mazungumzo juu ya matumizi ya simu majumbani. Tumeona tuyaahirishe kwa juma moja, kwa sababu imetufikia barua ambayo haikustahili kusubiri.

Barua hiyo imeandikwa na mzazi mmoja wa wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Anaeleza kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alimwona ndege aina ya kulukulu akiuzwa kando ya barabara, ndani ya tundu la vijiti. Tangu siku hiyo mtoto hana mazungumzo mengine. Anamchora ndege huyo katika madaftari ya shule, anamtaja wakati wa kula, na kila apitapo njia ile husimama. Baba anauliza maswali matatu. La kwanza, je, inafaa amnunulie? La pili, ikiwa atamnunua kisha akamwachia huru mbele ya mtoto, je, hilo halitakuwa jambo la kheri zaidi? Na la tatu, ikiwa yote mawili hayafai, afanye nini na mtoto ambaye mapenzi yake kwa kiumbe huyu ni ya kweli?

Maswali mawili ya mwanzo yana majibu yasiyo marefu. Swali la tatu ndilo lililotutoa Tanga mjini na kutupeleka mpaka kijijini kwao.

Ndege mwenyewe

Kulukulu, ambaye baadhi ya vitabu humwita shorobo, ni ndege wa msituni. Urefu wake, tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni kiasi cha sentimita 40, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Kifua na shingo ni kijani cha jani bichi. Mgongo na mkia ni kijani kinachoelekea buluu na kung'aa. Mdomo wake ni mwekundu, na jicho limezungushiwa duara jekundu. Kichwani ana kishungi ambacho upande wa kisogoni ni chekundu, kimetiwa mstari mweusi na ukingo mweupe, mfano wa kitambaa kilichopindwa na fundi hodari.

Jamaa ya kulukulu ina aina zaidi ya 20, na zote ni za bara letu la Afrika. Hakuna hata moja iliyo asili ya bara jingine. Huyu wa kwetu makazi yake yanaanzia kusini mwa Somalia, yanashuka na pwani ya Kenya mpaka kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na yupo pia kisiwani Unguja. Wataalamu wamempa jina la Gustav Adolf Fischer, tabibu na msafiri wa Kijerumani aliyeishi Zanzibar katika miaka ya 1870. Aliyeliandika jina hilo katika elimu ya ndege ni Anton Reichenow, mwaka 1878. Wenyeji wa pwani walikuwa na jina lao, nalo ukilitamka kutoka kooni utaona limekaribiana na mlio wake.

Ajabu kubwa ya ndege huyu imo katika rangi zake. Kwa ndege wengi, ukijani tunaouona haukutokana na rangi ya kijani iliyomo katika unyoya. Hutokea kwa jinsi mwanga unavyoupiga unyoya na kurudi, ukichanganyika na rangi ya manjano. Kulukulu yeye kijani chake ni rangi halisi iliyomo ndani ya unyoya, na wekundu wake vilevile. Mwaka 1869 mkemia wa Kiingereza, Arthur Herbert Church, alitangaza kwamba katika rangi ile nyekundu mna madini ya shaba. Baadaye ilijulikana kwamba kijani nacho kina shaba. Naam, shaba ile ile ya masufuria na nyaya za umeme! Ndege huikusanya kidogo kidogo kutokana na chakula chake, nao mwili wake huitia katika manyoya. Hakika Muumba ameweka katika viumbe vyake mambo ambayo mwanadamu huyagundua akiwa amechelewa sana.

Kuna jambo moja zaidi, na tunamwomba msomaji alishike, kwa kuwa tutalirudia. Wekundu mwingi wa kulukulu hauko kichwani; uko katika manyoya makubwa ya mabawa. Ndege akitulia, manyoya hayo hufunikwa na yale ya kijani, na mtu anaweza kumtazama kwa muda mrefu asijue kwamba yapo. Huonekana pale tu anapolikunjua bawa na kuruka.

Kununua, kufunga na kuachia

Tukirudi katika swali la kwanza, kumfuga ndege kwa jumla ni jambo ambalo wanazuoni wengi wameliruhusu. Hutegemea habari mashuhuri ya mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea, ambaye Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania mtoto huyo kwa upole juu ya ndege wake. Lakini ruhusa hiyo imefungamana na masharti: ndege alishwe, anyweshwe, wala asiteswe. Na ipo habari nyingine, ya Masahaba waliochukua makinda ya ndege njiani, mama yao akaja akipigapiga mabawa juu ya watu. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Mwenye kuzisoma habari hizi mbili pamoja ataelewa kwamba tundu lenyewe halikulaaniwa, ila kilio cha ndege nacho hakikupuuzwa.

Sasa tumtazame huyu kulukulu. Ni ndege wa kula matunda mabichi kila siku, anayekimbia juu ya matawi kama kindi na kuruka kutoka mti hadi mti. Tundu la vijiti kando ya barabara halimpi lolote katika hayo. Pili, idadi yake si ya kuchezewa. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, limemweka katika kundi la viumbe vinavyokaribia kuwa hatarini, kwa sababu ya kukatwa misitu na kutegwa kwa ajili ya biashara. Tatu, sheria ya nchi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wanyamapori, ndege wakiwemo, pasipo kibali. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisimamisha pia usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje ya nchi. Kutii sheria inayolinda amana ya wote ni sehemu ya uaminifu wa Muislamu. Jibu letu basi ni kwamba mzazi asimnunue.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa nia yake ni njema. Nani asiyetamani kumwonyesha mwanawe mlango wa tundu ukifunguliwa? Lakini tuifuate ile fedha. Ikitoka mkononi mwa mzazi huingia mkononi mwa mtegaji, na mtegaji haulizi ndege amekwenda wapi. Anachojua ni kwamba bidhaa imetoka, na kesho ataitafuta nyingine. Fedha haina habari ya nia ya aliyeitoa. Zaidi ya hayo, ndege aliyekatwa manyoya ya bawa, au aliyedhoofu, ukimwachia kando ya barabara hujamwachia huru. Umemwachia mwewe na paka. Kumwokoa ndege wa namna hiyo ni kazi ya afisa wanyamapori wa wilaya. Mwananchi kazi yake ni kutoa taarifa.

Tulivyomwendea

Majibu hayo tungeweza kuyaandika tukiwa tumekaa ofisini. Lakini mtoto hashibi kwa jibu la hapana. Tukakubaliana, watu watatu wa kamati ya msikiti, mmoja wetu akiwa na kamera, twende tukamtazame kulukulu porini pamoja na baba na mwanawe. Na kabla ya hapo tulitaka kuonana na muuzaji. Hatukwenda kumtahayarisha. Ni kijana wa watu, na hatukupenda kumhukumu kabla ya kumsikiliza.

Tulimkuta nyumbani kwao, alasiri, akatukaribisha kwa heshima na kututolea mkeka. Tundu lilikuwa pale uani, tupu.

"Amekwisha chukuliwa jana, ustadhi," alituambia. "Alikuja mtu na gari."

Chini ya upenu palikuwa na kopo la ulimbo, bichi, na fungu la vijiti vilivyochongwa karibuni. Mzazi aliyetuandikia alivitazama vijiti vile kwa muda, kisha akatutazama sisi. Swali lake la pili lilikuwa limejibiwa pale pale, bila ya mtu kufungua kitabu.

"Mimi siwaui," kijana aliongeza, kama aliyeuona mtazamo ule. "Nawauza wazima. Watu wenyewe wanauliza, na mimi nina wadogo zangu wanasoma."

Hatukumjibu kwa mawaidha. Mzazi ndiye aliyemuuliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Mwanangu, wewe unajuaje watakuja wapi?"

Hapo kijana akaanza kueleza. Alisema ule mkuyu ulioko katika shamba la mjomba wake, pembezoni mwa msitu, umeiva upande mmoja. Alisema ndege hufika jua linapochomoza, na tena baada ya alasiri. Kwamba mmoja hutangulia, akatua juu kabisa na kulia, na wengine humfuata akiona kuna amani. Kwamba huingia kwa upande wa bondeni, na mtu akikaa upande wa mlimani jua likiwa mgongoni kwake ataonana nao uso kwa uso. Alizijua sauti zao za kuitana na za kuonyana. Alieleza yote hayo bila kusita, na mtoto akawa amesogea mpaka magoti yake yakigusana na ya kijana yule.

Tulimwomba atuongoze kesho yake, kwa ujira. Akanyamaza. Kisha akasema, akitazama chini, kwamba ni lazima atangulie yeye peke yake alfajiri, kwa sababu vijiti vya ulimbo vilikuwa vimewekwa katika mti huo huo. "Niviondoe kwanza," alisema. Tulimwambia tutamsubiri.

Tuliswali alfajiri msikitini kijijini, kisha tukapanda. Kijana alikwisha kushuka mtini, mikono imemganda kwa utomvu. Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa kanzu nyeupe, naye aliombwa kwa adabu akae nyuma ya mgomba, kwa kuwa nyeupe huonekana msituni kama taa. Tukakaa. Dakika arubaini zilipita, hapakutokea ila ndege wadogo wa manjano na nyani mmoja aliyekohoa mbali. Mtoto alianza kuchoka, akaulizia chai. Baba alimpa andazi akamwekea kidole mdomoni.

Kisha ule mlio ukasikika upande wa bondeni, mzito, wa kukwaruza, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuadhini. Kijana aliinua mkono bila kugeuka. Juu ya mkuyu jani moja lilitembea, nalo halikuwa jani. Wa kwanza alitua, akatazama, akakimbia juu ya tawi, akasimama. Wa pili na wa tatu wakafuata. Kwa muda wa robo saa hivi walikula kuyu mbele yetu, wakizimeza nzima nzima, na mtoto hakusema neno.

Mwenye kamera alipiga picha nyingi. Tukizitazama baadaye, nyingi zilikuwa na ukungu, au tawi limekata kichwa, au ni mkia tu. Mbili zilikuwa safi: kulukulu amegeuza kichwa, jicho linang'aa, kishungi kimesimama. Ya tatu ilipigwa walipokuwa wakiondoka. Kichwa hakionekani, wala mkia. Kuna bawa moja tu limekunjuka kati ya majani, jekundu tupu, la rangi ya kaa la moto. Hiyo ndiyo mtoto aliyoiomba.

"Baba," aliuliza, "yule wa tunduni hakuwa na nyekundu hii?"

Baba alikuwa bado anatafuta jibu. Aliyejibu ni kijana muuzaji. "Alikuwa nayo, mdogo wangu. Ila tunduni hana pa kulikunjulia bawa."

Tulimlipa ujira wake tukashuka. Hatusemi kwamba ameiacha kazi ya ulimbo. Nyumba yenye wanafunzi watatu haiendeshwi kwa ujira wa asubuhi moja. Tunachoshuhudia ni kwamba siku ile ujuzi wake ulilipwa, na ndege wote walioufikia mti ule waliondoka nao. Ikiwa wageni wawili au watatu kila mwezi watamwendea kama tulivyomwendea sisi, hesabu yake inaweza kubadilika. Ikiwa hawatakwenda, itabaki mikononi mwa yule mtu mwenye gari.

Ufundi na adabu za kupiga picha

Kwa familia zinazopenda kujaribu, tumekusanya yale tuliyojifunza.

Kwanza, anzeni na masikio. Kulukulu husikika kabla ya kuonekana, na rangi yake ya kijani humficha katikati ya majani hata akiwa mita chache kutoka ulipo. Mfundisheni mtoto kufumba macho kwa dakika moja na kuonyesha kwa kidole sauti inakotoka.

Pili, tafuteni mti, msitafute ndege. Mkuyu ulioiva utawaleta wenyewe. Anayezunguka msituni akimfukuza ndege hupata picha za mkia, ila anayekaa chini ya mti wa matunda hupata uso. Wakati bora ni saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza, na tena jioni. Vaeni nguo za rangi ya udongo au majani makavu, na akina mama wachague mitandio ya namna hiyo.

Tatu, kuhusu kamera. Ndani ya msitu mwanga ni mchache na ndege hatulii. Simu ya kawaida itakupa doa la kijani, ingawa inafaa kwa kurekodi sauti na kupiga picha ya mti. Kamera yenye lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 300 au zaidi, ndiyo itakayomfikia. Kasi isipungue sehemu moja ya 500 ya sekunde, la sivyo picha itakuwa na ukungu. Ikibidi, ongeza uwezo wa kamera kupokea mwanga, hata kama picha itaonyesha chengachenga kidogo. Lenga jicho, kwani jicho likiwa safi mtazamaji husamehe mengine. Na punguza mwangaza wa picha kidogo, kwa sababu wekundu wa bawa ukizidishiwa mwanga hugeuka bapa moja lisiloonyesha unyoya. Asiye na kamera atafute darubini ya kuazima. Macho ya mtoto yaliyoona yenyewe yana thamani kuliko picha ya mtu mwingine.

Nne, na hili ndilo kubwa, msimlipishe ndege gharama ya picha yenu. Msimpige kwa mwanga wa ghafla wa kamera. Msikate matawi ili aonekane. Msirushe jiwe ili aruke mpate bawa. Bawa litakuja lenyewe wakati wa kuondoka, kama lilivyotujia sisi. Msipige mlio wake kwa simu mara kwa mara ili kumvuta, kwa sababu hudhani mgeni ameingia katika eneo lake, akaacha kula akaja kugombana na kivuli. Mkiona kiota, ondokeni. Kiota cha kulukulu ni vijiti vichache vilivyopangwa bila uimara mkubwa, na kwa kawaida humo mna mayai mawili. Wazazi wote wawili huatamia kwa zamu, na wakitishwa mayai hubaki wazi. Wala msitangaze mahali pa kiota pamoja na picha, kwani macho ya watazamaji si yote yanayopenda kutazama tu.

Tano, lipeni. Mkiingia katika hifadhi, lipeni kiingilio na mwongozaji. Mkienda katika shamba la mtu, muombeni ruhusa na mmpe haki yake. Mwenyeji anayeona kwamba ndege aliye hai mtini anamletea riziki ana sababu ya kuuacha mti umesimama.

Msitu na maji yetu

Huenda msomaji wa mjini akauliza haya yote yanamhusu nini. Tumjibu kwa kumkumbusha bomba la msikitini kwetu. Maji tunayotawadhia Tanga mjini hutoka mto Zigi, na mto Zigi huanzia katika milima ya Usambara Mashariki, katika misitu ile ile anamoishi kulukulu. Miti ya milima hiyo huupokea mvua kwa majani, huupunguzia nguvu, na kuuingiza ardhini polepole, ili mto usifurike leo na kukauka kesho. Na miti hiyo haikupandwa yote na binadamu. Kulukulu na wenzake walao matunda humeza mbegu mahali pamoja na kuzitupa mahali pengine, mbali na kivuli cha mti mama, zikaota. Tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Hapa tunamwona ndege akila na yeye mwenyewe akipanda.

Basi mtu anayemtoa kulukulu msituni amepunguza zaidi ya uzuri. Amemwondoa mmoja wa wapandaji wa msitu unaotunza maji yetu.

Kwa wanaopenda kwenda, likizo za shule zinakaribia. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, iko katika wilaya hiyo hiyo ya Muheza, na waongozaji wake wanazijua njia. Wasomaji wetu wa Unguja wana msitu wa Jozani. Walioko pwani ya Kenya wana Arabuko-Sokoke na Milima ya Shimba. Pangeni safari kwa kuzingatia nyakati za swala, chukueni maji na chakula, na rudini na taka zenu. Mtoto mwenye kupenda ndege mpeni daftari dogo aandike tarehe, saa, mti na idadi aliyoiona. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na elimu ambayo haimo katika tundu lolote.

Na mzazi akiona ndege wa mwituni anauzwa, asinunue, asigombane, apeleke taarifa katika ofisi ya kijiji au kwa afisa wanyamapori. Kisha, ikiwezekana, akae na huyo muuzaji mkekani na kumuuliza anachokijua. Vijana wetu wengi wana elimu ya msitu ambayo hakuna aliyewahi kuwaomba waifundishe.

Juma lijalo, inshaallah, tutarudi katika mazungumzo yetu juu ya simu majumbani. Tunamwomba Allah atujaalie tuwe waangalifu wa amana alizotukabidhi, na atupe watoto wenye huruma kwa viumbe vyake. Amin.